Koti la Reli

Saa nane usiku Tiketi anaanza tena.
Kwaru, kwaru, kwaru. Mguu wa nyuma unagonga sakafu
kama mtu anayebisha hodi bila kutaka kufunguliwa.
Miaka kumi na minne. Kijibwa cha kilo tano na robo;
nilimpima kwenye mizani ya karanga, dukani kwa Sizya,
naye Sizya akauliza kilo ninauza shilingi ngapi.

Kwanza nilisema ni viroboto.
Nikapiga magoti na tochi, nikapekua manyoya
kama ninavyochagua mchele.
Wawili. Mmoja akaruka, mwingine nikampasua kwa kucha.
Viroboto wawili hawamkeshezi mtu hivi.
Nikasema ni kupe. Nikamkuta mmoja nyuma ya sikio,
wa kijivu, ameshiba kama mbaazi. Nikamng'oa.
Ukucha ukarudi palepale.
Nikasema ni dagaa, chumvi yao. Nikamnyima wiki mbili,
akawa ananitazama
kama mstaafu anayeambiwa faili lake halionekani.

Nikasema basi ni Septemba.
Tabora ikikauka hukausha kila kitu, midomo, milango,
hata miundi yangu mimi inawasha,
naikuna kwa ncha ya ufunguo nikingoja chai.

Bi Hidaya wa ng'ambo ya uzio,
ambaye hukunja kanga akimwona mbwa,
alileta sufuria la mwarobaini uliochemshwa
akalitua kizingitini, hakuingia.
"Mwoshe. Yeye simpendi, ila usingizi wangu naupenda."
Siku tatu Tiketi alinuka uchungu.
Ya nne: kwaru.

Ndipo akaja Mihayo, bwana mifugo,
kwa pikipiki kutoka Ipuli, mikono inanuka ng'ombe.
Akafunua sikio: utando, harufu ya togwa iliyolala.
"Kuvu hilo."
Akakunja goti la mbele, taratibu, Tiketi akashika pumzi.
"Hapa anaporamba hapawashi, mama. Panauma.
Mbwa hana neno la maumivu, ana ulimi."
Akaandika matone. Akaandika vidonge, nusu asubuhi, nusu jioni.
Kisha akasimama akitazama pembe za chumba:
"Na huwa analala wapi?"

Sikutaka kumwonyesha.

Nyuma ya mlango, chini, koti la reli.
La Mlekwa wangu, mkagua tiketi.
Vifungo vya shaba viwili; cha tatu kilibaki Kaliua,
usiku wa mvua, behewa lilipoacha njia.
Siku ya arobaini, ndugu walipogawana nguo,
mbwa alikuwa amelala juu yake, ameonyesha meno machache aliyonayo,
na shemeji yangu akasema, haya, hilo liacheni.
Miaka mitatu halijaona maji.
Nami nikifagia huinama kidogo kuliko inavyohitajika,
pua karibu na kola:
tumbaku, grisi, yale mafuta yake ya nywele.

Mihayo alilitoa juani, akalikung'uta mara moja tu.
Kitu kama pilipili manga kikamwagika kwenye saruji,
kikaanza kutembea.
"Maji ya moto, mama. Yachemke hasa. La sivyo, kiberiti."

Leo nimefua.
Beseni la kwanza lilitoa rangi ya chai.
La pili pia.
La tatu nilisimama nalo kitambo kabla ya kumwaga.

Koti linaning'inia kwenye waya, jepesi,
mikono chini, halina zamu.
Tiketi alikuja, akanusa upindo, akanusa tena,
akanitazama mimi,
akaenda kulala kwenye saruji tupu.

Saa nane niliamka kwa mazoea. Kimya.
Mbali, treni ya Mpanda ikapiga honi.
Nikajikuna muundi, polepole, nisimwamshe.
Kutoka gizani, chini ya kitanda,
mguu wa nyuma ukagonga sakafu mara moja,
kama mtu aliyekumbuka jambo
akaamua kutolisema.